Prae- kwenye maneno ya Kilatini: jinsi ya kujua kama ni mbele, kabla au mno

Wadau, hii nimewaandikia mnaojisomea Kilatini wenyewe kwa simu na PDF za bure, walioko seminari, na wanakwaya mnaoimba Kilatini kila wiki na mnataka kujua mnaimba nini. Kuna kiambishi kimoja kidogo kinasumbua watu wengi mno, nacho ni prae-. Vitabu vingi vya kuanzia vinakuambia prae- ni "kabla", basi mtu anakariri hivyo hivyo, anasonga nayo, afu anakutana na Cicero, mwandishi wa Kirumi, kwenye kitabu chake cha urafiki anasema omnia praeclara rara na hapo anakwama, maana clarus anaijua, ni angavu au mashuhuri, sasa "angavu kabla" ndo nini? Hakuna kitu kama hicho. Cicero anasema vyote vilivyo bora mno ni adimu. Prae- hapo haihusiani kabisa na wakati.

Kabla ya hatua zenyewe shika kitu kimoja: maana ya kwanza ya prae- ni MBELE. Mbele ya mahali, mbele ya macho. Zingine zote zimezaliwa hapo. Aliye mbele kwenye msafara anafika mapema, ndo ikaja kabla. Aliye mbele ya wenzake kwa uwezo anawapita, ndo ikaja kuzidi na kuongoza. Na sifa ikishapita kiwango cha kawaida inakuwa sifa iliyozidi, ndo ikaja mno. Kwa anayewaza kwa Kiswahili hili wala halina ugumu, mtu akikuambia "mwanangu yuko mbele darasani" unajiuliza kwanza anaongelea dawati au maksi, na ukiambiwa fulani ametangulia inaweza kuwa ametangulia stendi, ametangulia kuzaliwa, au ndo ameshatuacha kabisa duniani, na huwa unajua ni ipi kwa kuangalia maneno yaliyo jirani. Ujuzi huo huo ndo unaohamishia kwenye Kilatini, basi.

HATUA YA 1: Hakikisha ni prae- kweli

Anza na sauti. Kilatini cha kale kinatamkwa prai, cha kanisani kinatamkwa pre. Kwa hiyo ukisikia kwaya inaimba "prestet" usiende kutafuta kamusi kwenye PRE, nenda PRAE. Na ukitaka ushahidi wa ile prai, kuna maandishi ya kale sana ya Tusculum, karibu na Roma, yana neno praidad, ambalo ni praeda yetu ya baadaye, nyara za vita. Baadaye sana, karne za kati, waandishi wa mkono wakaacha kuandika ae, wakawa wanaandika e tupu au e yenye kamkia chini, ndo unakuta preclarus, predicator, presens. Ukisoma maandishi ya namna hiyo kila pre- ishuku kwanza kwamba inaweza kuwa prae-.

Ila ishuku tu, usiihukumu, maana kuna pre- ambazo hazina undugu wowote na prae-. Pretium ni bei, preces ni maombi, premo ni kubana, prehendo ni kushika. Kwenye Te Deum mnaimba pretioso sanguine, hiyo ni damu ya thamani, inatoka kwenye pretium, usianze kutafuta "mbele" mle ndani.

Halafu kuna proelium, pambano la vita, ina oe na sio ae. Wanakili wa zamani wenyewe walikuwa wanaikosea wakaandika praelium, na machapisho ya zamani yamejaa hiyo spelingi, kwa hiyo ukiiona tambua ni proelium imevaa nguo ya mwenzie.

Na mwisho kuna praeter. Hii kweli imetoka kwenye prae lakini imeshajitegemea siku nyingi, maana yake ni kupita kando ya, zaidi ya, au isipokuwa. Praetereo ni kupita kando, praetermitto ni kuachilia kitu kipite bila kukigusa. Sheria yangu ni rahisi, ukiona praeter- jaribu kukata hapo kwanza kabla hujakata kwenye prae-, la sivyo utajikuta unahangaika kutafuta kitenzi "tereo" kamusi nzima.

HATUA YA 2: Kata neno, afu rudisha irabu mahali pake

Hapa ndo wengi wanakata tamaa bure. Unakata prae- kwenye praeficio unabaki na "ficio", unatafuta, hakuna. Sababu ni kwamba a fupi ya mzizi ikishatanguliwa na kiambishi inadhoofika: kwenye silabi iliyo wazi inageuka i, kwenye silabi iliyofungwa na konsonanti inageuka e. Facio ikawa praeficio, lakini factus ikawa praefectus. Capio ikawa praecipio, captus ikawa praeceptus. Na e fupi nayo kwenye silabi iliyo wazi inakuwa i, ndo maana sedeo, kukaa, inakuwa praesideo. Caput, kichwa, ikawa praeceps, yaani kichwa mbele, mtu anayeanguka kichwakichwa au mlima wenye mteremko mkali, na ukiinyambua inakuwa praecipitis. Kwa hiyo ukipata kipande kisichopatikana kwenye kamusi, badilisha i au e iwe a utafute tena, i ikikataa kuwa a ijaribu na e.

Chukua praefectus tuifanyie kazi, maana waliosoma Kenya mmekua na maprifekti shuleni na Tanzania ndo hao mnaowaita viranja. Ni prae na factus, aliyefanywa kuwa mbele ya wengine, aliyewekwa juu yao. Mwaka 1961 huko Caesarea, kwenye magofu ya ukumbi wa tamthilia wa Kirumi, wachimbaji wa Kiitalia walipata jiwe la chokaa lenye jina la Pilato. Jiwe limeliwa upande mmoja, jina linasomeka, na mstari unaofuata zimebaki herufi ECTVS halafu IVDA na kuendelea. Wataalamu wakajaza PRAEF mwanzoni, praefectus Iudaeae. Angalia jambo hili vizuri, kiambishi chenyewe ndo kilichovunjika na bado kikasomwa, kwa sababu anayejua irabu zinavyogeuka akiona -ectus pale anajua inatokana na facio.

Na Biblia ya Kilatini, Vulgata, Mathayo 27:11, haimwiti praefectus, inamwita praeses: Iesus autem stetit ante praesidem. Praeses ni prae na sedeo, anayekaa mbele. Biblia yetu ya Kiswahili ikaweka liwali, neno ambalo mtu wa pwani anajua uzito wake.

Kuna maneno ambayo mshono hauonekani kabisa, hayo yajue tu kwa sura. Praebeo, kutoa au kunyooshea mtu kitu, ni prae na habeo, katikati ilikuwa praehibeo. Praetor, yule afisa mkubwa wa Kirumi, ni prae na eo, kwenda, yaani anayekwenda mbele. Praemium, tuzo, ni prae na emo ya zamani iliyokuwa na maana ya kuchukua, kile unachochukua kabla ya wengine kugawiwa.

Na wanaosoma mashairi kwa mizani ya urefu wa silabi, kumbuka prae ikifuatwa na irabu inafupika. Virgil kwenye Aeneid kitabu cha 7 ana sudibusve praeustis, ukiisoma prae pale kwa urefu mstari unapinda.

HATUA YA 3: Angalia kilichobaki ni neno la aina gani

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka hii. Ukishakata, jiulize kilichobaki ni nini, maana hicho ndo kinachoamua prae- itafsiriwe vipi.

Kikiwa kitenzi cha kwenda, kutuma, kuweka au kubeba, anza na mahali. Praecedo, natangulia. Praemitto, natanguliza watu mbele. Praepono, naweka mbele. Praefero, nabeba mbele, na kutoka hapo kupendelea, kwa sababu unayempenda zaidi unamweka mbele ya mwingine.

Kikiwa kitenzi cha kujua, kuona, kusema au kuhisi, anza na wakati. Praevideo, naona kabla. Praesagio, moyo unahisi jambo kabla halijafika. Praemoneo, naonya mapema. Kuna msemo wa Kilatini ambao sio wa Warumi wa kale, umetungwa baadaye sana, lakini ni mzuri kukariria: praemonitus praemunitus, aliyeonywa mapema amejijengea ngome mapema.

Kikiwa kitenzi cha kuwa, kukaa au kusimama, anza na cheo. Praesum, niko mbele ya watu, nawaongoza. Praesideo, nakaa mbele yao, nawalinda au nawasimamia. Praesto, nasimama mbele, nawazidi. Praesto ina maana nyingi kweli kweli, inabeba pia kutoa na kudhamini, tutakutana nayo chini.

Sasa kikiwa umbo la kitenzi linalotumika kama sifa, aina ya "iliyochomwa" au "iliyochongwa", hapa ndo pa kutulia. Julius Caesar akieleza mitego aliyoweka kuizunguka Alesia, ngome ya Wagalia, mwaka 52 KK anasema walichimba mashimo ya futi 3 kwenda chini, ndani yake wakasimamisha magogo mviringo yenye unene wa paja la mtu, ab summo praeacuti et praeusti. Ukiweka kabla, inakuwa magogo yaliyochongwa kabla na kuchomwa kabla, kabla ya nini hasa? Ukiweka mno, gogo lililochomwa mno si linakuwa mkaa? Mkaa haumchomi adui mguu. Rudi kwenye mbele: yamechongwa ncha, na ncha hiyo ikapitishwa motoni ikakakamaa. Caesar mwenyewe anakusaidia, kaandika ab summo, upande wa juu. Askari wakayaita mashimo hayo malilia, lilia kwa Kilatini, kwa sababu yanafanana na ua hilo.

Halafu linganisha na daraja lake juu ya mto Rhine, mwaka 55 KK, kitabu cha 4 cha maandishi yake kuhusu Galia. Nguzo za pale nazo ni praeacuta, lakini anasema paulum ab imo, kidogo upande wa chini, kwa sababu zile zinazamishwa kwenye mto. Yaani kwenye mtego ncha iko juu na kwenye daraja ncha iko chini, na neno ni lile lile. Hapo unaona prae- kwenye maneno haya haijali juu wala chini, inajali ule upande unaotangulia kuingia. Mimi hii naona ndo mfano mzuri kuliko yote ya kufundishia prae- na sijui kwa nini vitabu vya kuanzia vinauacha. Wataalamu wa mimea nao wanaitumia hivyo hivyo, kuna mmea unaitwa Crepis praemorsa, praemorsa ni iliyong'atwa mwisho, mzizi wake unaonekana kama kuna kitu kimeung'ata ncha.

Kikiwa kivumishi cha sifa tupu, kama refu, gumu, baridi, tamu, nzito, tajiri, ndo unaleta MNO. Praelongus, ndefu mno. Praedurus, ngumu mno. Praegelidus, baridi mno. Praedulcis, tamu mno. Praegravis, nzito mno. Praepinguis, nene au yenye rutuba mno. Praedives, tajiri kupindukia. Praevalidus, yenye nguvu mno. Na praealtus, hii chunga, altus kwa Kilatini ni juu sana na pia chini sana, kwa hiyo mlima praealtus ni mrefu mno na mto praealtus una kina kirefu mno, angalia nomino iliyo pembeni kwanza.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki: toa prae-, soma sentensi na kivumishi kikavu, kisha ongeza "sana" mwishoni. Ikisimama bila kuyumba, ni mno. Flumen altum, mto wenye kina; flumen praealtum, mto wenye kina sana. Imesimama. Omnia clara rara, vyote vyenye kung'ara ni adimu. Ongeza sana, imesimama. Gogo lililochomwa sana? Imeanguka, kwa hiyo hiyo ni kundi lile la ncha.

Ukisoma Cicero hutakutana na hizi za mno mara nyingi ukiacha praeclarus, yeye akitaka kusema sana anapenda per-, kama permagnus na perfacilis. Hizi za prae- zinapendwa na washairi, na baada yao waandishi kama Livy, Tacitus na Pliny. Kwa hiyo aina ya kitabu ulichoshika nayo inakupa dokezo.

Lakini kuna vivumishi ambavyo vina wakati ndani yake, na hivi vinawaumbua watu kwenye mitihani. Maturus ni iliyoiva au iliyofika wakati wake, lakini praematurus sio iliyoiva mno, ni iliyofika kabla ya wakati. Praecox, kutoka coquo, kupika na kuivisha, ni inayoiva mapema. Ndo maana madaktari wa zamani walipoita skizofrenia dementia praecox walimaanisha kuharibika akili mapema, ujanani, hawakumaanisha kuharibika sana. Na neno hili praecox limesafiri hatari: Warumi waliliita hivyo tunda fulani linalowahi kuiva, Wagiriki wakalichukua wakalifanya praikokion, Waarabu wakalifanya barquq, likiwa na al- mbele likaingia Hispania likawa albaricoque, na huko ndo lilikoenda kuwa aprikoti tunayoisoma kwenye makopo ya jamu.

Mfano mwingine wa kundi hili uko kwa mshairi Horace. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza cha barua zake anajieleza kwa wasomaji, mfupi wa umbo, praecanus, mpenda jua, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kupoa, na anataja umri wake kwa kusema ametimiza miezi ya Desemba kumi na moja mara nne, yaani miaka 44. Canus ni mwenye mvi. Mwenye mvi mno au mwenye mvi kabla ya wakati? Ukiangalia umri anaoutaja mistari michache mbele, jibu linakuja lenyewe, mvi zimemwahi. Kwa hiyo sheria: kivumishi kikihusu kuiva, kukua au kuzeeka, jaribu kabla kwanza, mno baadaye.

Na praeposterus, hii naipenda. Posterus ni ya nyuma, inayofuata. Ukiweka mbele kitu cha nyuma unapata jambo lililopinduliwa, la mwisho limekuwa la kwanza, kwa hiyo ni kinyumenyume, ovyo. Hapo hakuna mno wala kabla, ni mbele na nyuma zimekutana kwenye neno moja.

Kikiwa nomino kazi inakuwa nyepesi, karibu kila mara ni mahali au mpangilio. Praenomen ni jina linalotangulia, kama Marcus kwenye Marcus Tullius Cicero. Praecordia ni sehemu iliyo mbele ya moyo, kifuani. Praesepe au praesepium ni prae na jamii ya saepes, ua au uzio, pale ulipozungushia mbele ng'ombe wale, yaani hori. Luka 2:7 kwenye Vulgata ni reclinavit eum in praesepio, na wanakwaya wa O magnum mysterium mnaimba iacentem in praesepio kila Noeli.

HATUA YA 4: Tafuta dativi

Vitenzi vingi vya prae- vinataka mtu wa pili awe kwenye dativi (umbo la nomino la anayepewa au kufanyiwa kitu), yule ambaye uko mbele yake. Praesum legioni, naongoza legioni. Munitioni Labienum praeficere, kumweka Labienus asimamie ngome, ngome ipo kwenye dativi na Labienus kwenye akuzativi, umbo la anayetendwa. Mortem servituti praefero, nachagua kifo kuliko utumwa, kifo nakibeba mbele ya utumwa. Ukiona dativi imekaa inaelea kwenye sentensi na haina wa kumpa kitu, kagua kama kuna kitenzi cha prae- karibu, mara nyingi ndo mwenyewe. Ila vingine vinachukua akuzativi, praecedo kwa Caesar ni hivyo.

Prae ikisimama peke yake kama neno yenyewe inataka ablativi (umbo la nomino la "kwa, kutoka kwa"), na moja ya kazi zake ni kutaja kilichokuzuia, hasa kwenye sentensi za kukanusha. Prae lacrimis loqui non possum, siwezi kuongea kwa machozi. Machozi yamekaa mbele, yameziba njia.

HATUA YA 5: Itenge na zinazofanana nayo

Adui namba moja ni pro-. Kwa macho ya haraka praescribo na proscribo ni kitu kimoja, lakini praescribo ni kuandika mwanzoni, kuelekeza, ndo lilikotoka neno la cheti cha dawa kwa lugha nyingi za Ulaya, na proscribo ni kutangaza kwa maandishi hadharani, na Sulla, mtawala wa Roma, mwaka 82 KK alitundika majina ya watu namna hiyo na aliyeonekana kwenye orodha aliuawa na mali ikataifishwa. Herufi mbili tu zinatenganisha maagizo na hukumu ya kifo. Zingine: praesum naongoza, prosum nafaa, praepono naweka mbele ya, propono naweka hadharani, praemitto natanguliza, promitto naahidi.

Halafu kuna pacha wawili wa praedico. Mmoja ni praedicare, kutangaza, kuhubiri, i yake fupi. Mwingine ni praedicere, kutabiri, i yake ndefu. Kwenye maandishi yasiyo na alama za urefu, praedicat ni anahubiri na praedicit ni anatabiri, hapo sawa, ila praedicet inaweza kuwa ahubiri, sabjanktivi (umbo la kutaka au kuomba) ya yule wa kwanza, au atatabiri, wakati ujao wa yule wa pili. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kusoma sentensi nzima. Wadominiko wanaoandika O.P. baada ya majina yao ni Ordo Praedicatorum, Shirika la Wahubiri, sio la watabiri.

HATUA YA 6: Fanya mwenyewe

Sentensi ya kwanza, ukurasa wa kwanza kabisa wa Caesar kuhusu Galia: Helvetii quoque reliquos Gallos virtute praecedunt, quod fere cotidianis proeliis cum Germanis contendunt. Praecedunt, kata, prae na cedunt, kitenzi cha kwenda, tunaanza na mahali: Wahelvetii wanawatangulia Wagalia wengine. Kwenda wapi? Hakuna safari hapa, kuna virtute, kwa ushujaa, kwa hiyo mahali imegeuka cheo, wanawapita kwa ushujaa. Reliquos Gallos ni akuzativi kama tulivyosema. Na proeliis usidanganyike, ni oe, mapambano, karibu kila siku wanapigana na Wajerumani. Sentensi moja ina prae- ya kweli na ya kufanana, ikariri kabisa.

Ya pili, Tantum ergo, maneno ya Thomas Aquinas, ambaye mwenyewe alikuwa wa Ordo Praedicatorum: praestet fides supplementum sensuum defectui. Praestet ni ya praesto, sabjanktivi, na hapa ni ile maana ya kutoa: imani itoe kijazio. Defectui ni dativi, kwa upungufu, sensuum wa hisi zetu. Imani ijazie pale macho na masikio yanapoishia. Mkiimba Ijumaa kwenye kuabudu sasa mnajua kitenzi kiko wapi. Na kwenye misa ya Kilatini, maneno kabla ya Pater noster yanaanza praeceptis salutaribus moniti, hiyo praeceptis ni ya praecipio, kushika mapema, na kutoka hapo kumfundisha mtu ajue mapema, kumwagiza. Tumeonywa kwa maagizo yenye wokovu.

Matatu ya mwisho jaribu peke yako kabla hujasoma majibu: praegnans, praeruptus, praetexta. La kwanza limeunganishwa na mzizi wa nascor, kuzaliwa, hali ya kabla ya kuzaa, mjamzito. La pili ni rumpo, kuvunja, umbo la kitenzi lililogeuka sifa, kwa hiyo ni lile kundi la ncha: mwamba uliomeguka upande wa mbele, genge lililosimama wima. La tatu ni texo, kufuma, nalo ni kundi hilo hilo, iliyofumwa pembeni kwa mbele, ndo toga yenye pindo la zambarau waliyovaa maafisa wakubwa wa Kirumi na watoto wa kiume waliozaliwa huru mpaka wanapofikia utu uzima.